Tazama Nguo kwa Ndani



Mtoto mchanga anapoletwa zahanati kwa sababu amelia usiku kucha, naye amenyonya vizuri, hana homa, na tumbo lake ni laini, muuguzi mzoefu hufanya jambo ambalo mama wengi hulishangaa. Humvua mtoto nguo zote, soksi na glavu pia, kisha hukagua vidole vya mikono na vya miguu kimoja kimoja. Anatafuta uzi.

Uzi mmoja tu, au unywele mmoja wa mama, waweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ndani ya soksi. Mtoto akirusha miguu, uzi unakaza. Kidole kinavimba, uzi unazama katika ngozi hata usionekane kwa haraka, na damu inashindwa kupita. Ukiachwa hivyo kwa muda mrefu, kidole chaweza kufa. Kwa watoto wa kiume hutokea hata kwenye uume. Si jambo la kila siku, lakini linajulikana vema katika tiba, na wanaopatwa zaidi ni watoto wa miezi ya kwanza, ambao hawawezi kusema wala kujivua.

Mtauliza, haya yanahusu nini na ushonaji? Yanahusu sana. Unywele hutoka kichwani kwa mama, lakini uzi hutoka katika nguo yenyewe, upande wa ndani, mahali ambapo fundi aliuacha ukingo wa kitambaa bila kuufunga. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya kingo: namna ya kuziunganisha na kuzifunga kwa cherehani uliyo nayo tayari nyumbani, kwa msaada wa vile vyuma vidogo vya ziada ambavyo wengi wetu tumeviacha kwenye droo vikipata kutu.

KWA NINI KITAMBAA HUFUMUKA

Chukua kipande cha popolini ukitazame karibu na dirisha. Utaona nyuzi zinazokwenda urefu na nyingine zinazokwenda upana, zikipishana juu na chini kama ukili wa mkeka. Katikati ya kitambaa kila uzi umeshikwa na wenzake. Mahali ulipopita mkasi, uzi wa mwisho hauna wa kuushika. Ukiufikicha kwenye beseni unachomoka, na baada yake wa pili, kisha wa tatu.

Fundi akiacha nusu sentimita tu nje ya mshono bila kuifunga, kila ufuaji unakula kidogo. Siku moja nyuzi zinaisha hadi kwenye mshono wenyewe, na gauni linafunguka ubavuni. Mama mwenye nguo hulaumu uzi wa kushonea, au kitambaa. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, ila ukingo ndio haukufungwa.

Vitambaa vya kufuma kama fulana ni tofauti. Vyenyewe havichomoki nyuzi namna hiyo, lakini kingo zake hujikunja na kuvutika. Leo nasema zaidi juu ya vitambaa vilivyosokotwa na kupishana: khanga, kitenge, popolini, tetroni ya sare, kaki na jinzi.

SWALI LA OVALOKI

Katika darasa letu la ushonaji la Jumamosi, akina mama wamekuwa wakizungumza juu ya kuchukua mkopo wa pamoja ili wanunue cherehani ya ovaloki. "Nesi," waliniambia, "bila ovaloki hatuwezi kushindana na mafundi wa mjini. Mteja akigeuza nguo akaona nyuzi, anaondoka."

Wana haki. Mteja anayegeuza nguo ni mteja mwenye akili. Na ovaloki ni mashine nzuri sana. Ina visu vinavyopunguza ukingo, na nyuzi tatu au nne zinazouzunguka ukingo huo papo hapo. Kampuni ya Merrow ya Connecticut, Marekani, ilipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1889. Ovaloki za viwandani za siku hizi hupiga mishono zaidi ya 5,000 kwa dakika. Anayeshona fulana na sweta kwa wingi, au sare za shule nzima, hawezi kuikwepa.

Lakini kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo, piga hesabu. Chukua mfano tu, nawe uweke bei za mahali pako. Tuseme unashona nguo 6 kwa wiki, na jirani mwenye ovaloki anakutoza shilingi 500 kwa kila nguo. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa wiki, au shilingi 156,000 kwa mwaka wa wiki 52. Tuseme mashine inauzwa shilingi 900,000. Gawanya: itachukua karibu miaka sita kurudisha bei ya mashine peke yake, bila riba, bila umeme, bila sindano na bila makoni manne ya uzi kwa kila rangi. Kama unashona nguo 60 kwa wiki, hesabu inageuka kabisa, na mkopo una maana. Kwa hiyo jibu halitoki kwa jirani. Linatoka katika daftari lako la kazi.

Na kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ovaloki huuzunguka ukingo kwa vitanzi vya uzi, lakini vitanzi hivyo hubaki wazi upande wa ndani, na mwisho wa mshono huacha mkia wa nyuzi zilizosokotana. Kwenye gauni la mtu mzima si neno. Ndani ya soksi, glavu au suruali yenye miguu ya mtoto mchanga, mkia ule na kitanzi kilicholegea ndivyo hasa ninavyovitafuta ninapokagua vidole. Tena uzi wa nailoni au poliesta haukatiki kwa urahisi. Kwa nguo ya mtoto, mshono bora ni ule unaouficha ukingo wote, ndani na nje. Na mshono huo hauhitaji ovaloki.

PIMA CHEREHANI YAKO KWANZA

Mguu wa cherehani ni kile chuma kinachokandamiza kitambaa wakati sindano inashuka. Umefungwa kwenye nguzo yake kwa skrubu moja. Legeza skrubu, toa mguu wa kawaida, weka mwingine, kaza. Ndivyo vifaa hivi vyote vinavyobadilishwa. Tatizo ni kwamba si kila mguu unaingia kila mashine.

Shusha mguu juu ya bamba, kisha pima kwa rula kutoka kwenye bamba hadi katikati ya skrubu. Ukipata karibu sentimita 2, mashine yako ni ya nguzo fupi. Cherehani nyingi nyeusi za kukanyaga kwa miguu, kama Singer za zamani na Butterfly, ni za namna hii, na nyingi za umeme za nyumbani pia. Ukipata kama sentimita 3, ni ya nguzo ndefu, kama zilivyo nyingi za viwandani. Baadhi ya Singer zina nguzo iliyoinama, nazo zinataka miguu yake maalumu. Andika kipimo kwenye karatasi uende nacho dukani. Njia iliyo salama zaidi ni kubeba mguu wako wa zamani na kuulinganisha na ule unaotaka kununua.

Jambo la pili: je, mashine yako hupiga mshono ulionyooka tu, au hupiga na zigizaga? Tazama tundu la bamba ambamo sindano hupita. Likiwa duara dogo, ni mshono ulionyooka tu. Likiwa refu kwenda kushoto na kulia, yapiga zigizaga. Usijaribu zigizaga juu ya tundu la duara. Sindano itavunjika, na kipande chaweza kukurukia jichoni.

MIGUU YA CHEREHANI YOYOTE

Hii mitatu inafanya kazi hata kwa mashine ya kukanyaga isiyo na zigizaga.

1. Mguu wa pindo jembamba. Mbele yake kuna chuma kilichojiviringisha kama konokono. Ukingo ukiingia humo hukunjwa mara mbili na kushonwa papo hapo. Unafaa khanga, vilemba, leso na mashuka ya mtoto. Anza kwa kukata kipembe kidogo cha kona, ukunje sentimita mbili za kwanza kwa mkono, piga mishono michache na uache nyuzi ndefu. Shika nyuzi hizo uvute ukingo uingie ndani ya konokono, kisha ushone taratibu huku umeusimamisha ukingo kidogo kwa mkono wa kulia. Kitambaa kikiingia kingi, pindo linavimba. Kikiingia kidogo, ukingo mbichi unachungulia. Ukikuta mshono unaokatiza, punguza unene wake kwa mkasi kabla haujafika. Kwa kaki na jinzi mguu huu haufai.

2. Mguu wa mshono bapa. Huu ndio mshono wa ndani ya mguu wa suruali ya jinzi, wenye mistari miwili na usio na ukingo mbichi upande wowote. Weka vitambaa viwili, cha chini kitokeze nje ya cha juu kwa kiasi cha upana wa mfereji wa mguu, milimita 4 hadi 6. Mara ya kwanza mguu unakikunja cha chini juu ya cha juu na kushona. Kisha fungua kazi yako, ulitie lile tuta dogo katika mfereji wa mguu, na ushone mara ya pili. Linalala bapa, limefungwa kabisa. Kwa sare za watoto wanaotambaa juu ya ua wa shule, sijaona mshono unaodumu zaidi.

3. Mguu wa kuvisha utepe. Una mdomo kama faneli ndogo. Utepe unaingia kwenye faneli, ukingo wa nguo unaingia katikati yake, na mguu unauvisha ukingo na kuushona kwa mara moja. Unafaa shingo za magauni, bibu, na vikoti vya watoto. Utepe sharti ukatwe hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi 45, ili uweze kupinda kwenye mzingo bila kukunjamana. Miguu mingi ya zamani hutaka utepe wenye upana wa karibu sentimita 2.4 kabla ya kukunjwa. Chonga ncha ya utepe iwe kama mkuki, uipitishe kwenye faneli kwa pini, na uijaribu kwanza kwenye kitambaa kisicho na thamani. Vipande vya kitenge vilivyobaki, ambavyo huwa tunatupa, vinatosha kwa utepe wa vikoti vingi.

MIGUU YA CHEREHANI YENYE ZIGIZAGA

4. Mguu wa kuzungushia ukingo. Una kijiti au sindano ndogo ya chuma katikati, na ukuta mdogo upande wa kulia. Ukingo wa kitambaa unasukumwa dhidi ya ukuta. Uzi unapita juu ya kijiti kile kabla ya kuteremka, ndiyo maana ukingo haujikunji. Weka zigizaga pana, karibu milimita 5. Kabla ya kuwasha, zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja mzima, uone kama sindano inakipita kijiti kushoto na kulia bila kukigusa. Usishone mshono ulionyooka na mguu huu. Sindano itagonga chuma.

5. Mguu wenye kisu. Huu ndio unaoikaribia ovaloki. Una mkono ambao hushikwa na skrubu ya sindano. Sindano ikipanda na kushuka, mkono unaendesha kisu kidogo kinachokata ukingo, na zigizaga inauzunguka nyuma yake. Anza kwa kuchanja kitambaa sentimita 2 kwa mkasi, ili kisu kipate pa kuingilia, kisha nenda polepole. Kinafaa popolini, kitenge na tetroni. Kisu chake hakipendi jinzi, wala hakipendi kazi ya kutwa nzima. Anayekuuzia akikwambia ni ovaloki kamili, mwambie akushonee mbele yako.

Kwa wenye cherehani za zamani zisizo na zigizaga, kipo pia chombo kinachofungwa mahali pa mguu na kukiyumbisha kitambaa kushoto na kulia, badala ya kuiyumbisha sindano. Singer walivitengeneza kwa miaka mingi. Ukikikuta kwenye sanduku la bibi yako, usikitupe. Kisafishe kwa mafuta ya cherehani ukijaribu.

KAMA HUNA MGUU WOWOTE

Yupo mama anayesoma haya na hana hata mguu mmoja wa ziada, wala duka la vipuri karibu naye. Asikate tamaa. Mshono wa Kifaransa unafunga ukingo kwa mguu wa kawaida tu. Weka vitambaa migongo ikitazamana, yaani uzuri uwe nje. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza kwa mkasi zibaki milimita 3. Geuza, uzuri sasa uwe ndani, piga pasi, ushone tena kwa kiasi cha sentimita 1 ili ukingo uwe kama mkate ndani ya mfuko. Kumbuka kuongeza nafasi ya mshono unapokata, jumla sentimita 1.5 kila upande.

Kwa kitambaa kizito, fungua mshono kwa pasi, ukunje kila ukingo chini kwa nusu sentimita na kuupiga mshono peke yake. Mkasi wa meno nao unasaidia, lakini unachelewesha tu kufumuka, hauzuii.

KANUNI ZA NGUO YA MTOTO MCHANGA

Haya naomba muyashike, hata wale wasioshona kabisa.

Kabla ya kumvisha mtoto soksi, glavu au nguo yenye miguu, igeuze ndani nje. Pitisha kidole chako. Kila uzi unaoning'inia ukate karibu na mshono. Usiuvute, maana utafungua wenzake. Fanya hivyo kila baada ya kufua, kwa sababu nyuzi hulegea kwenye maji. Nguo za mitumba na nguo alizorithi kutoka kwa kaka yake zataka uangalifu zaidi, kwa kuwa zimefuliwa mara nyingi.

Unaposhona, tumia mshono bapa, utepe au mshono wa Kifaransa, na ufunge mwisho wa kila mshono kwa kurudi nyuma mishono mitatu. Kama lazima upige ovaloki, ingiza mkia wake ndani ya mshono kwa sindano ya mkono kabla ya kuukata. Glavu si za lazima kila wakati. Kucha za mtoto zikiwa fupi, mikono yake yaweza kubaki wazi ukaiona. Mama ambaye nywele zake zinakatika baada ya kujifungua, na hilo ni jambo la kawaida, azifunge anapomvisha mtoto.

Mtoto akilia bila sababu unayoijua, mvue nguo zote chini ya mwanga mzuri. Ukiona kidole chekundu au cha buluu, kimevimba na kina kama mfereji unaokizunguka, huenda uzi umo humo. Kama unauona na unaweza kuuinua bila kumuumiza, ukate na uutoe. Kama umezama, au huna hakika umetoka wote, usichimbe kwa wembe nyumbani. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na mwambie muuguzi wazi kwamba unashuku uzi. Mwambie tafadhali, kwa maana si kila mmoja ataufikiria kwanza.

Darasa letu, baada ya kupiga hesabu, limeamua kununua kwanza miguu mitatu kwa kila cherehani mbili, na kuliangalia tena suala la mkopo daftari likijaa. Sitasema kila kikundi kifanye hivyo. Nasema kila kikundi kipige hesabu.

Na wewe, kabla ya kununua chochote, chukua vipande vitano vya kitambaa kisichohitajika, ufunge ukingo wa kila kimoja kwa njia yake. Vitie kwenye beseni, uvifue kwa sabuni na kuvifikicha kama unavyofua sare za watoto, mara tano. Kisha vianike pamoja kwenye kamba, uvitazame. Hakuna muuzaji atakayekueleza vizuri kuliko vipande vile.

Kazi njema, dada zangu.